Mkono wa Kushoto

Ngozi hii haina mtu.
Imeletwa ndani ya sanduku, rangi ya waridi,
tabaka tatu zilizogandishwa kwa gundi: ngozi, mafuta, msuli,
kama keki ya harusi isiyo na bibi harusi.
Naipasua. Haitoi damu.
Haiulizi nimesomea wapi.

Tuko kumi na wawili katika chumba cha chini, Kutaisi,
Februari, bomba la joto linakohoa ukutani,
na kila mmoja ana koleo, kibano, mkasi,
na kipande chake cha mtu asiyekuwapo.

Daktari Gulnazi hupita nyuma yetu kwa viatu vya mpira.
Hasikiki. Utajua amefika
ukiona mabega ya jirani yamepanda.
"Sindano iingie wima," anasema.
"Usiisukume kama mtoboa magunia.
Imepindwa; ifuate ilivyopindwa."

Yangu haifuatiki.
Koleo hili lilifuliwa kwa ajili ya mkono wa kulia.
Nikilibana kwa kushoto, kufuli lake hufyatuka,
sindano huanguka juu ya bati, ting,
na Revazi, bila kuinua macho, huhesabu:
"Ya saba."
Yeye amekwisha funga mafundo ishirini kwenye mguu wa kiti.
Mimi nina shimo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema
ukiuziba vibaya utajenga nini.

Shuleni kalamu ilihamishwa kutoka kushoto kwangu
mpaka nikaandika kama mlevi.
Ni Bibi Pepela tu, kule Vani, hakuuhamisha mkono.
Kila Oktoba tulitunga nusu za jozi kwenye uzi,
nusu baada ya nusu, sindano ikipita katikati
bila kupasua kokwa,
kisha tukazichovya katika maji ya zabibu yaliyopikwa na unga
na kuzitundika zikauke darini.
"Kaa mbele yangu," aliniambia, "si kando.
Nitazame unavyotazama kioo."
Nilikuwa na miaka sita. Sikuvunja jozi hata moja.

Haya sikumwambia daktari.
Nilimwambia tu: "Nitajaribu kulia."
Akanitazama, akaitazama saa, akaondoka.
Revazi akasema, "Basi tena."

Asubuhi alikuja macho mekundu,
akaweka mezani kipande cha silikoni kilichochakazwa,
mishono imepinda, imerukana, nyayo za kuku kwenye tope,
fundo moja limevimba, jingine limelegea,
na pembeni ngozi imechanika kabisa.
Tukanyamaza. Tulidhani ni ya mmoja wetu
na siku yake imefika.

"Hii ni yangu," alisema. "Ya jana usiku.
Miaka thelathini na moja nashona watu kwa kulia.
Kwa kushoto nilianza jana, saa tatu.
Kufikia saa saba nililia kidogo.
Halafu nikagundua: kidole gumba hakisukumi,
kinavuta. Hapo kufuli linatii."

Akaburuta kiti.
Hakukaa kando yangu.
Alikaa mbele.

Mahali fulani leo, labda sokoni, labda kwenye ngazi ya mzabibu,
yuko mtu mwenye tumbo zima, anakata mkate,
hanijui, na wala hana haja ya kunijua bado.
Kila kosa ninalolimwaga juu ya mpira huu
ni kosa ambalo yeye hatalibeba.
Sijui jina lake. Nampasua polepole.

Kidole gumba nikakivuta.
Sindano ikazama, ikajikunja gizani,
ikachomoza ng'ambo, imeng'aa,
palepale nilipotaka.
Fundo la kwanza, la pili juu yake, la tatu la kulilinda.
Kingo mbili zikakutana bila kubanana.

Daktari hakusema kitu. Alikuwa anajaribu lake,
ulimi nje kama mtoto,
sindano yake ikaanguka kwenye bati.

Revazi akainua macho.
"Ya kwanza," akasema,
na hakuna aliyejua anamhesabia nani.